Rafu ya Waliotutoka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na maji yameingia masjala kupitia dirisha lile lile nililoliandikia barua mara saba. Nimenunua daftari hili ili niandike mambo yangu mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nimetunza ya wengine, inatosha.

Humu chini kuna majalada elfu nne mia mbili na kitu. Kila mfanyakazi wa shirika ana lake, la mkurugenzi hadi la mlinzi wa geti, na hakuna hata moja nisiloweza kulitoa kwa dakika mbili. Huko juu wanafikiri majalada hujipanga yenyewe. Wiki iliyopita cheo cha Msimamizi wa Kumbukumbu amepewa bwana mmoja kutoka usafirishaji, mtu ambaye ili ajue R inakaa wapi lazima aimbe alfabeti kuanzia mwanzo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sina kinyongo. Naandika tu kilichotokea.

Wananiita Panya. Wanadhani sijui.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimehamisha ndoo.

Jumanne, 11 Machi

Leo kashuka Katibu wa Mkuu wetu, na mikononi ana vikombe viwili vya chai. Chai haijawahi kufika masjala. Mama Chai, mhudumu wetu, ana magoti mabovu, na ngazi za huku ni ishirini na mbili, kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja nimekunywa maji ya chupa.

"Kaka, za huku chini?"

"Za huku ni karatasi, dada. Karibu."

Akakaa juu ya boksi, akanieleza shida yake bila kuzunguka. Mume wake anapoteza kumbukumbu. Alikuwa mwalimu. Sasa anasahau jiko likiwaka, anasahau mlango wa chooni uko wapi. Anaishi na dada yake katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na tawi letu la huko lina nafasi ya katibu. Daktari amesema ikifika mwisho wa mvua hizi huenda asimtambue mtu tena.

"Shemeji yako bado ananijua," akasema. "Nikimpigia Jumapili ananiita kwa jina. Nataka nifike wakati bado ananiita."

Kamati ya uhamisho inakaa tarehe 27. Kanuni ni moja na haina huruma: kamati haimjadili mtu ambaye jalada lake halipo mezani. Nikamwambia asihofu, jalada lake nalijua lilipo, liko rafu ya sita, la nne kutoka kushoto. Akacheka, akaniambia, "Wewe ni hazina, kaka, wanakuficha huku kama dhahabu." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Kaja tena na chai. Tumezungumza nusu saa. Amenisimulia Mkuu alivyovaa viatu viwili tofauti kwenye kikao.

Alhamisi, 20 Machi

Kila siku saa nne. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha pili.

Jumatano, 26 Machi

Kesho kamati. Leo asubuhi nilikwenda rafu ya sita kutoa jalada lake, nikasimama nalo mkononi. Nikajiuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza. Jalada hili likipanda juu, atahama. Akihama, nani atashuka ngazi ishirini na mbili? Bwana wa alfabeti?

Sikuliiba. Hilo nataka lieleweke. Jalada limo humu humu masjala, limehama rafu tu. Nimeliweka mwisho kabisa, pembeni ya bomba, kwenye Rafu ya Waliotutoka. Hiyo ni rafu ya wafanyakazi waliofariki wakiwa kazini, na hakuna anayeisogelea isipokuwa mimi, mara moja kila miezi mitatu, ninapotuma barua za rambirambi. Hapana pahali penye usalama zaidi. Mwezi ujao nitalitoa. Mwezi mmoja ni nini kwa watu waliooana miaka kumi na minane?

Alhamisi, 27 Machi

Kamati imeahirisha suala lake. Katibu alishuka na macho mekundu. Nikamwambia tutalitafuta pamoja.

Alhamisi, 3 Aprili

Tunalitafuta. Sijawahi kuwa na wiki nzuri kama hii. Tumepekua rafu ya kwanza hadi ya tatu, yeye upande huu, mimi upande ule, na tunapiga soga kama watu wanaochambua mchele. Tumekuta jalada la mlinzi aliyeomba likizo ya uzazi kwa sababu mke wake amezaa pacha na yeye ndiye aliyechoka. Katibu kacheka mpaka akashika ubavu. Huko juu hawajui kwamba masjala kuna vichekesho kuliko redio.

Alhamisi, 10 Aprili

Rafu ya nne na ya tano. Ameniletea kitambaa cha kufutia mikono, akasema mikono yangu ni myeusi kwa vumbi. Mvua haikatiki.

Jumanne, 22 Aprili

Leo hakucheka sana. Jumapili mume alimwita kwa jina la dada yake, kisha akajirekebisha. "Alijirekebisha mwenyewe, kaka," akarudia mara mbili. Halafu akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza, "Na ile rafu ya kule kwenye bomba, tuipitie?"

Nikamwambia ile ni ya marehemu, jalada la mtu hai halifiki kule. Akaitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake.

Jumanne, 29 Aprili

Kamati imekaa tena, imeahirisha tena. Sasa wanasema atengenezewe jalada jipya, jambo litakalochukua hadi Juni. Nilikuwa nimepanga kulitoa, naapa. Lakini jana kwenye ngazi nilimsikia bwana wa alfabeti akimwambia mwenzake, "Panya kapoteza jalada, siku hizi hata kutafuna kunamshinda." Wakacheka. Sasa nilitoe ili wapate kusema nilikuwa mzembe? Likionekana leo, nitaeleza lilikuwa wapi? Nina jina langu moja tu katika jengo hili, jina la mtu asiyekosea, na sitawapa.

Jumanne, 6 Mei

Ndoo tatu sasa. Mafua.

Jumatatu, 12 Mei

Homa. Sikwenda kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nimempigia Mkuu simu, akauliza, "Nani mwenzangu?" Nikamwambia masjala. Akasema, "Aa, masjala. Pumzika, tutamtuma Mama Chai ashike shike."

Mama Chai na magoti yake. Basi ndiyo thamani yangu hiyo.

Jumatano, 14 Mei

Homa imepanda na kushuka siku nzima. Chumba changu kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Hakuna aliyegonga mlango tangu Jumapili, isipokuwa leo saa kumi alipogonga Katibu.

Alileta machungwa. Akafungua dirisha, akatoa nguo kwenye kiti, akakaa. Alinimenyea chungwa moja, akalipanga vipande vipande kwenye sahani kama anavyofanyiwa mgonjwa mwenye watu wake. Hakuna aliyenifanyia hivyo tangu mama yangu afariki. Niliona haya, nikageukia ukutani.

"Kaka," akasema, "ukiwa umelala hivi, akili imetulia. Hebu fikiri. Labda utakumbuka lilipo."

"Nikirudi Jumatatu nitalipata."

"Kweli?"

"Nimesema nitalipata."

Akashusha pumzi, akanifunika shuka hadi mabegani. Alipoondoka nililia, na sioni aibu kuandika. Yule dada ananipenda kama ndugu. Jumatatu natoa jalada, nitasema lilikuwa limeanguka nyuma ya bomba, na anayetaka kucheka acheke. Nimeamua, na nikiamua nimeamua.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika saa moja kasoro, kabla ya mtu yeyote. Masjala safi, sakafu imepigwa deki, ndoo zimemwagwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye bomba. Jalada lipo. Nikalifungua niangalie kama halikulowa, na juu kabisa nikakuta karatasi mpya ya juzijuzi, imetobolewa na kufungwa vizuri kabisa. Nakala ya barua ya rambirambi.

Nimekaa chini. Nitaeleza ilivyokuwa, maana kueleza naweza. Mwezi huu ndio mwezi wa barua. Fomu zimekwisha kupigwa chapa, zinasubiri jina, tarehe na anwani ya ndugu wa karibu, na sahihi ya Mkuu ni mhuri ulio kwenye droo yangu. Mkuu alimwagiza Mama Chai asiache kazi ya mwezi ilale. Mama Chai akapita Rafu ya Waliotutoka, akachukua kila jalada ambalo halijapata barua, akajaza fomu kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, akapeleka posta Alhamisi. Yalikuwa matatu. La tatu ni la Katibu.

Hakumjua. Angemjuaje? Katika jengo hili hakuna anayeitwa kwa jina. Yeye ni Katibu, mimi ni Panya, yule ni Mama Chai. Kwenye jalada kuna jina lake la kuzaliwa na picha ya msichana mwembamba asiye na miwani. Mama Chai amemwekea Katibu sukari vijiko viwili kila asubuhi miaka yote hii, na hajawahi kulisikia jina hilo. Na kwa nini ashuku? Jalada lilikuwa kwenye rafu yangu, na rafu yangu, kila mtu anajua, haikosei.

"Tunasikitika kwa kuondokewa na mke wako mpendwa." Anwani ya mume, sahihi kabisa.

Saa nne Katibu akashuka na chai. "Umelipata?" Nikasema bado kidogo. Ningeweza kumwambia pale pale: piga simu, mwambie wifi yako akae mlangoni amsubiri tarishi. Barua ya Alhamisi haifiki kabla ya kesho. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini ningesema nimejuaje? Nikanywa chai. Posta ni posta, barua hupotea kila siku, na mvua hizi zimekata barabara mbili. Nimepiga hesabu, uwezekano wa kufika ni mdogo.

Jumanne, 20 Mei

Hakuna lolote. Kama nilivyosema.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna lolote. Jalada nimelirudisha rafu ya sita, la nne kutoka kushoto. Ile nakala ya juu nimeitoa, ninayo mfukoni. Bado sijamwambia Katibu. Nasubiri barua ipotee kwanza, kisha nimpe habari njema ikiwa peke yake.

Jumanne, 27 Mei

Barua ilifika.

Nimesikia kutoka juu sauti ya Katibu, kisha viti vikisukumwa. Nilipopanda nikaambiwa wifi yake amepiga simu. Tarishi alimkuta mwalimu peke yake barazani Alhamisi, dada yake akiwa ameenda sokoni, akampa bahasha mkononi. Akaisoma. Kusoma bado anasoma vizuri, ni mambo mengine yanayomtoka. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, hakumwambia mtu. Dada mtu aliona tu kwamba hali chakula na ameomba kanzu nyeupe. Jana ndipo alipoiona barua, alipokuwa akifua shati.

Wakampa simu azungumze na mkewe. Akamsikiliza, akamrudishia dada yake simu, akasema, "Mnanificha kwa sababu mimi ni mgonjwa. Barua ina mhuri."

Katibu ameondoka na basi la saa sita. Uhamisho wake Mkuu ameutia sahihi akiwa amesimama, bila kamati, bila jalada. Kumbe inawezekana.

Ijumaa, 30 Mei

Mama Chai amesimamishwa kazi hadi kikao cha nidhamu, Jumatatu ya tarehe 9. Mwandiko ni wake, hakukana. Alishuka kuniaga, ngazi zote ishirini na mbili, ameshika ukuta.

"Mwanangu, hebu nisaidie kufikiri. Lile jalada mimi nilikuta pale. Au macho yangu?"

"Sijui, mama."

"Basi ni macho," akasema. "Uzee huu. Nimemwua mtoto wa watu akiwa hai." Akafuta meza yangu kwa upindo wa khanga, kwa mazoea tu, akapanda.

Mkuu naye alinipigia simu, mara ya kwanza kujua mimi ni nani. Amesema haya ndiyo yanayotokea mtaalamu akikosekana siku tano, na kwamba cheo cha usimamizi kitaangaliwa upya. Miaka kumi na mmoja nimeyasubiri maneno hayo. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imepungua. Sijala vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Katibu amekuja kuchukua vitu vyake. Saa nne akashuka. Hakuwa na vikombe. Hakukaa.

Nilimuuliza shemeji hajambo. Akanijibu taratibu, kama mtu anayesoma karatasi.

"Nilifika usiku wa Jumanne. Jumatano asubuhi nikamkuta barazani. Akasimama, akanipa mkono kwa heshima. Akaniambia, pole kwa safari, umekuja msibani? Nikamwambia ni mimi. Akasema, unafanana naye sana, Mungu amrehemu. Akaniletea kiti. Kaka, amenisimulia habari zangu asubuhi nzima. Alivyoniona mara ya kwanza, nguo niliyovaa, nilivyomkatalia mara mbili. Mambo niliyoyasahau mimi. Yote anayakumbuka. Anamsimulia mgeni."

"Lakini si mmemnyang'anya ile barua?"

"Tumechoma. Haisaidii. Kila kitu kinamtoka, hicho kimebaki."

Nikasema nitamwomba Mungu. Nikasema pia kwamba Mama Chai hakukusudia.

Hapo ndipo aliponiangalia. "Mama Chai? Mimi nilijua tangu Aprili. Katika jengo hili ni nani anayeweza kupoteza jalada? Sisi wengine tunayaacha popote, wewe unayapata. Likikushinda wewe, basi hulitafuti."

"Kama ulijua, mbona hukusema kwa Mkuu?"

"Ungelizika mbali zaidi. Nikajisemea moyoni, nitamwendea taratibu, si jiwe yule."

"Na chai? Na yale machungwa?"

"Nilikuwa nakubembeleza," akasema. "Kila siku nilikuwa nakubembeleza, kaka. Hukuona?"

Akapanda ngazi. Nimehesabu hatua zake zote hadi juu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Kila ukurasa nimeandika kwamba mimi ndiye ninayeona na wao hawaoni. Mtu alishuka kwangu siku baada ya siku akiomba mumewe, nami nikaandika kwamba anapenda mazungumzo yangu. Sijalala.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao cha nidhamu kilianza saa tatu. Mama Chai alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kibegi mapajani. Sikualikwa. Niliingia bila kubisha hodi, nikaweka mezani ile nakala na daftari hili, nikasema jalada nilihamisha mimi, tarehe 26 Machi, kwa mkono wangu, nikijua, na kwamba tarehe 19 Mei ningeweza kuizuia ile barua na sikuizuia.

Mkuu alidhani namtetea mama wa watu. Akasema, "Wewe una moyo mzuri, lakini kaa chini." Ikabidi nimfungulie ukurasa. Akasoma. Bwana wa alfabeti akasoma juu ya bega lake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepata utani wa kunitania. Mama Chai alisimama, magoti yakamsaliti, nikamshika kiwiko. Alikiondoa kiwiko chake mkononi mwangu bila hasira, akatoka.

Nimeambiwa niende nyumbani nisubiri barua. Daftari wamenirudishia baada ya kulitolea nakala, wakasema kurasa zilizobaki ni zangu. Lakini kabla sijaondoka, Mkuu ameniagiza kazi ya mwisho, kwa kuwa kanuni inataka kila barua iliyotoka kwa makosa ifutwe kwa barua nyingine, na hakuna mwingine anayejua jinsi ya kuiandika. Nimeiandika. Ni mistari minne, haina kosa, ina mhuri. Inamjulisha mwalimu kwamba mke wake yu hai na kwamba shirika linasikitika kwa usumbufu. Nimeandika anwani. Nimeipeleka posta mwenyewe, na karani wa dirishani ameniambia itafika Ijumaa, bila shaka yoyote, barabara sasa ni kavu.